Sikutaka kumuua baba mkwe, ilikuwa asali

Naona mshkaji wetu Kamanda ameshaniwahi kuisimulia. Nimeamka nakuta meseji arobaini na kitu, kila grupu naulizwa "mwanangu ni kweli ulimtilia baba mkwe dawa ya nguvu za kiume kwenye chai?" Sikumtilia. Alijitilia mwenyewe. Na hakukuwa na polisi, hiyo ya polisi Kamanda kaongeza kwa sababu hadithi yoyote ikipita mdomoni kwake lazima ipande difenda. Ngoja niwaambie mwenyewe kabla haijafika kazini, ingawa naona bosi naye leo kaniitikia salamu akiangalia ukutani.

Mnajua mke wangu alikuwa kwao Tabora wiki sita na mtoto. Jumamosi akanitumia meseji, "kesho tunafika saa mbili usiku, usije stendi, tutachukua bajaji." Tunafika. Tutachukua. Mimi kichwa changu kikasoma yeye na mtoto, basi. Mtu hujamuona mkeo wiki sita, hiyo "tu" unaipita kama kibao cha barabarani. Laiti ningeuliza tu, "nyie na nani?" leo ningekuwa binadamu mwenye heshima zake.

Sasa kuna yule jamaa wa spika kule Mbezi, wa Kimara tunamjua, sauti imerekodiwa inajirudia tangu asubuhi mpaka usiku, mizizi kumi na mbili, haina kemikali, haina madhara, baba acha aibu. Nimempita miaka. Naapa sina tatizo lolote, nilitaka tu bonasi (najua mnacheka, chekeni). Kopo la asali ya mizizi elfu kumi na tano, akanipunguzia mpaka kumi na mbili "kwa sababu wewe ni kijana wangu", na mtu mwenyewe nimemzidi umri. Kwenye kopo kuna picha ya simba, chini yake ASILI 100%, chini yake tena kwa herufi kubwa INARUDISHA HESHIMA YA NDOA. Hakuna namba ya usajili, hakuna tarehe ya kutengenezwa, hakuna jina la aliyetengeneza. Namba ya simu ipo, ila tarakimu ya mwisho imefutika. Hayo yote nimekuja kuyaona baadaye, siku ile nilimuona simba tu.

Maelekezo, kijiko kimoja cha chai saa moja kabla. Nikala vitatu. Msiniulize. Nilijiambia ni asali, asali ilishamdhuru nani?

Saa mbili kasoro nasikia bajaji imesimama nje. Nimevaa msuli mpya, nimepulizia marashi, taa ya sebuleni nimezima nimeacha ile ndogo. Mara mlangoni, "Hodi hapa." Wadau, mke wangu hana sauti hiyo. Ile ni sauti ya mtu aliyepuliza moshi kwenye mizinga ya nyuki miaka hamsini. Baba mkwe. Nyuma yake mama mkwe na kuku wawili, nyuma yao mke wangu na mtoto mgongoni ananiangalia na msuli wangu na taa yangu ndogo, nikaona ameelewa kila kitu na ameanza kuuma midomo asicheke. Kumbe mzee ana kliniki ya moyo Jumatatu, na kumbe niliambiwa, kwenye simu, siku nilipokuwa naangalia mpira.

Nikatoa shikamoo mbili kwa mpigo. Na kwa wale wanaotaka kujua kuhusu sehemu husika, hakuna cha kusimulia. Hodi ya baba mkwe ilimaliza kazi palepale. Ila dawa yenyewe haikuondoka, ilipanda juu. Uso ukawa moto kama nimeinamia jiko la mkaa. Pua zikaziba zote mbili. Kichwa kikaanza kugonga, du, du, du, naongea na mzee habari za safari huku nasikia mapigo yangu mwenyewe masikioni. Halafu ukaja ule wa ajabu zaidi, nikaanza kuona bluu. Ile taa ndogo ina ukungu wa bluu kuizunguka. Shati jeupe la mzee, bluu. Kuku mweupe wa mama mkwe, bluu. Mama mkwe ananiambia "baba, mbona macho mekundu hivyo, una dengue?" nikamwambia ni vumbi. Hakujibu, na mimi sikuendelea.

Nyumba yetu chumba na sebule. Mama mkwe, mke wangu na mtoto wakalala chumbani. Mimi na baba mkwe, sebuleni, godoro moja. Hapo nitapita haraka. Nimelala mgongo nimenyooka kama maiti inayosubiri ndugu, dari ya bluu, baba mkwe anakoroma kwa Kinyamwezi.

Asubuhi saa moja nikaenda duka la dawa kwa yule dada wa pale chini kuchukua panadol. Yule dada hauzi panadol bila mahojiano. Kichwa tangu lini, umekula nini, macho yamekuwaje. Nikasema asali. Akasema asali ya nini. Nikaangalia nyuma kama kuna mteja, nikamwambia, nikamwambia na ile ya bluu.

Hakucheka, na hicho ndicho kilichonitisha. Akaniuliza kwanza kama kuna kitu kimesimama zaidi ya masaa manne, maana hiyo ni ya kukimbizwa hospitali mtu asije kuharibika moja kwa moja. Nikamwambia nilikuwa na baba mkwe. Akaelewa. Halafu akasema, uso kuwaka, pua kuziba, kichwa, kuona bluu, hiyo ni mizizi gani inayofanya kazi sawasawa na sildenafil, kile kidonge cha hospitali cha nguvu za kiume? Anasema hicho kidonge kinagusa mpaka jichoni ndiyo maana rangi zinabadilika. Wanakisaga, au ndugu yake tadalafil, wanachanganya kwenye asali, wanabandika simba. Eti mwaka 2022 Marekani wenyewe mamlaka yao ya dawa iliyaandikia makampuni barua za onyo kwa asali za namna hiihii, zilipopimwa zikakutwa na hizo dawa na kwenye lebo hazikuandikwa. Kwa hiyo wewe hujui umekula miligramu ngapi na aliyekuuzia naye hajui, kila kopo na bahati yake. Akaniambia sina maabara hapa siwezi kukuapia, lakini kwa hizo dalili mimi ningekimwaga.

Halafu, akiwa anakata zile panadol na mkasi, akasema kama kitu kidogo tu, "mshukuru Mungu huna shida ya moyo. Kuna wagonjwa wana kidonge cha kuweka chini ya ulimi kifua kikibana. Hicho na hiki vikikutana presha inadondoka, mtu anazima hivihivi."

Kidonge cha kuweka chini ya ulimi.

Baba mkwe anacho. Kwenye kikopo kidogo cha kahawia, mfuko wa shati wa kushoto, jana usiku alikitoa akakiweka pembeni ya mto wake kama watu wanavyoweka simu. Na kopo la asali nimeliacha wapi? Juu ya kabati la vyombo. Pembeni ya majani ya chai.

Panadol nikaziacha pale. Nimepanda kile kilima cha Kimara na ndala, ndala ya kulia ikakatika kwenye mtaro, nikaendelea na moja, watoto wa shule wananishangilia.

Sasa hapa naomba mniache nisimulie polepole maana kila nikifumba macho naiona.

Mlango uko wazi. Mzee amekaa kwenye kiti changu, shati jeupe limenyooshwa la kwenda kliniki, dirisha liko nyuma yake. Mbele yake kikombe cha chai ya tangawizi kinatoa moshi. Mkononi ameshika kopo. Amelielekeza kwenye mwanga, analiinamisha upande huu, anaangalia asali inavyotembea, analirudisha upande ule. Huyu ni mtu wa Sikonge, amekua kwenye mizinga ya magome, asali akiiona anakuambia nyuki walikula maua ya mti gani. Anamwambia mama mkwe, "hii imepigwa moto. Na ina sukari." Anachovya kijiko. Anakinusa. Anakiramba, nyaa, anaangalia juu kama anakumbuka jina la mtu. "Ina kitu hii." Anachota tena, safari hii kijiko kimejaa mpaka kinachuruzika, kinaingia kwenye chai, kinazunguka, mara moja, mara ya pili, mara ya tatu, nasikia kabisa kile chuma kinavyogonga kikombe, ting, ting, na mimi nipo mlangoni na ndala moja, nataka kuongea pumzi hakuna, mdomo unafunguka unafunga kama sato. Mzee ananiona. Anatabasamu. Anasema "mwangaluka, baba", ananyanyua kikombe kama anayenitakia heri, kinafika kwenye ndevu.

"USINYWE!"

Nikaruka. Sikumbuki kuamua kuruka. Nilichokumbuka ni kikombe kinaondoka mkononi mwake kinageuka hewani, na chai yote, nasema yote, ikatua kwenye lile shati. Kuku mmoja akapita katikati yetu akalia.

Kimya. Mzee anadondosha chai kidevuni. Hakupiga kelele, bora angepiga. Akaniangalia mimi, akaangalia kopo ambalo tayari nimelikumbatia kifuani kama mtoto, akasema taratibu, "Mimi asali yangu sijawahi kumnyima mtu."

Mama mkwe akauliza, "kwani imeandikwaje hapo?" Mke wangu ndiyo ametoka chumbani na mtoto, akanyoosha shingo akasoma, "asili asilimia mia, inarudisha he..." akasimama. Akanitazama. "Inarudisha hewa. Ya kifua. Ni ya kikohozi." Nikakohoa. Nawaambieni nilikohoa.

Kwa hiyo nikawa mkwe mchoyo wa asali, na ningebaki hapo kwa furaha zangu zote, ila kile kijiko cha kwanza mzee alishakiramba na anakwenda kwa daktari wa moyo. Nikampigia yule dada, akasema lazima daktari aambiwe, hicho kidonge cha chini ya ulimi asiguse mpaka siku mbili zipite, na kifua kikibana apelekwe hospitali wajue alichokula. Nikamwambia mke wangu nyuma ya choo. Akasema, "utasema wewe, mimi ya kikohozi nimeshamaliza."

Kliniki. Daktari binti mdogo kabisa, sawa na mdogo wangu wa mwisho. "Mzee, leo asubuhi umekula nini?" Mzee: "Chai nilimwagiwa." Nikasema samahani dokta, kuna asali kidogo aliramba. Asali ya nini? Ya mizizi. Mizizi ya nini? Ya... asili. Asili ya nini kaka, ni ya kazi gani? Naangalia bango la presha ukutani nalisoma kama mtihani, na mzee, bila kunigeukia, akasema:

"Ya heshima ya ndoa. Miwani ninayo mfukoni."

Mpaka leo sijauliza kama alisoma kabla ya kuchota au baada ya kumwagiwa. Sitaki kujua. Ila kijiko kilikuwa kimejaa.

Mengine mafupi. Presha ilikuwa sawa, daktari akaandika kwenye faili, akamkaza mzee kuhusu kile kidonge na mimi akaniangalia tu, inatosha. Siku mbili mzee hakubanwa kifua, mimi sikulala. Kopo alilichukua dada wa duka la dawa, anasema TMDA, ile mamlaka yetu ya dawa na vifaa tiba, wanapokea taarifa za vitu kama hivi. Jamaa wa spika bado yupo, bado anasema baba acha aibu. Kamanda nilimwambia mimi mwenyewe nikiwa na stresi, kosa langu. Mama mkwe kila akiniona anaingia chumbani na unasikia kicheko kwenye mto. Alhamisi wakaondoka.

Jana umefika mzigo kwa basi kutoka Tabora. Dumu la lita tano, asali ya miombo, nzito, inanukia moshi, na mzee akapiga simu kwa mke wangu, akaweka spika makusudi: "Mwambie mwenzako hii haina mizizi. Ya humo ndani mtajitegemea."

Nimeirudisha juu ya kabati la vyombo, palepale. Leo asubuhi nakuta mke wangu kachukua maka peni kaandika ubavuni kwa herufi kubwa: YA CHAI.