Log K haitoshi jamani

Mimi kemia ya koodinesheni, ile ya metali kushikwa na molekuli zinazoizunguka (ligandi), niliisoma kama wengi tulivyoisoma, unakariri log K, namba inayopima ligandi imeishika metali kwa nguvu kiasi gani, ikiwa kubwa unaandika "kompleksi (metali na ligandi yake) ni imara", unapata maksi zako unaondoka. Kumbe ile namba inakwambia nusu ya habari tu, na hiyo nusu nyingine, yaani kasi ya kuiachia metali, ndiyo ilikuja kuumiza wagonjwa.

Chukua gadolini, metali iliyomo kwenye dawa ya kontrasti, ile unayochomwa mshipani ili picha za MRI zionekane vizuri. Ayoni yake ikiachwa huru ni sumu, ukubwa wake unakaribiana na wa kalsiamu kwa hiyo inaingilia kazi za kalsiamu mwilini, ndo maana inafungwa kwenye ligandi mpaka itoke na mkojo. Dawa ya kwanza, ile iliyoruhusiwa Marekani 1988, ilitumia DTPA, ambayo ni mnyororo wenye naitrojeni tatu, log K kama 22. Mwanafunzi yeyote atakuapia hiyo haiachii ng'o. DOTA, ligandi ya dawa nyingine, yenyewe ni pete ya naitrojeni nne yenye mikono minne ya asidi, log K kama 25. Zote kubwa mno, si ndio? Sasa zitie kwenye asidi kali uone, ya mnyororo inaachia metali ndani ya dakika, ya pete inahesabu siku.

Sababu ni ileile ya mkeka usiotiwa pindo. Mnyororo una ncha, naitrojeni ya pembeni ikibanduka inafuata ya pili, ya tatu, umefumuka wote. Pete haina pa kuanzia.

Kwa mwenye figo nzima haikuonekana sana maana dawa inatoka mapema. Ila kwa ambao figo zimefeli inakaa mwilini muda mrefu, na 2006 madaktari wa Ulaya wakaihusisha na ugonjwa wa ngozi kukakamaa mpaka viungo havikunji, na dawa zilizoongoza kwa lawama zilikuwa za mnyororo. 2017 Ulaya ikasimamisha nyingi kati ya hizo, zikabaki chache za kupimia ini na za kuchoma kwenye jointi.

Kinachonikera ni kwamba nguvu ya pete ilikuwa inajulikana, Cabbiness na Margerum walishaonyesha 1969 kwamba shaba ndani ya pete ya naitrojeni nne inashikwa kwa uimara takriban mara 10,000 zaidi kuliko kwenye mnyororo unaofanana nayo. Na damu yako mwenyewe imebeba chuma kwenye pete ya naitrojeni nne, na majani ya mchicha yamebeba magnesiamu hivyohivyo! Sawa, pete nazo zina usumbufu wake, kisichotoka haraka hakiingii haraka pia, DOTA mara nyingi inabidi uipashe moto ndo ikubali metali.

Juzi nimempeleka mama mdogo MRI, figo zake si nzuri, nikamuuliza kijana wa mashine hiyo kontrasti ni ya pete au ya mnyororo. Akanitazama kama nimeuliza bei ya dhahabu, akageuza kichupa, tukasoma wote wawili. Ya pete.