Intanshipu nje ya nchi: kampuni imekukubali, je viza yako nayo?

Wengi wanaosoma ugenini wanadhani mziki mzito ni kupata kampuni, ukishapewa barua basi mambo yameisha. Kumbe hapo ndo yanaanza, maana viza ya mwanafunzi imekuruhusu usome, kufanya kazi ni ruhusa nyingine kabisa na kila nchi ina utaratibu wake.

Tuanze na Marekani. Mwenye viza ya F-1, ile ya mwanafunzi, haruhusiwi kufanya intanshipu nje ya chuo mpaka amalize mwaka mzima wa masomo (baadhi ya kozi za uzamili zinazolazimisha mafunzo tangu mwanzo zina msamaha), na hiyo kazi iwe sehemu ya kozi yake. Ndo wanaita CPT. Mshauri wa wanafunzi wa kimataifa anaiingiza kwenye mfumo, unapewa I-20 mpya (fomu ya chuo inayothibitisha wewe ni mwanafunzi), na ukurasa wa 2 unakuta jina la mwajiri, tarehe ya kuanza, tarehe ya kuisha, kama ni muda wote au nusu. Sasa bosi akikuambia njoo Jumatatu na karatasi inasema Alhamisi, ukaenda, zile siku tatu umefanya kazi bila kibali. Na CPT ya muda wote ikifika miezi 12, OPT ya ngazi hiyo, yaani ule muda wa kufanya kazi ukishamaliza chuo, umeipoteza.

Wanaotetea hizi sheria wana hoja na mimi siwabezi. Bila kuifunga intanshipu na masomo, kampuni zingebadilisha wanafunzi kila msimu kama vibarua wa bei chee halafu zikasema tunawafundisha. Kwa viza ya Marekani ya J-1 kwa anayekuja kufanya intanshipu lazima kuwe na mpango wa mafunzo, fomu ya DS-7002, umesainiwa kabla hujaanza, kwahiyo ukifika ukakuta unatumwa kutoa fotokopi kutwa nzima una kitu cha kumwonyesha mtu. Ufaransa wamekaza zaidi: mkataba unasainiwa na chuo, kampuni na mwanafunzi, muda kwenye kampuni moja hauzidi miezi 6 kwa mwaka wa masomo, na ikipita miezi 2 kampuni lazima ikulipe posho. Hiyo naipenda kwa moyo wote, kwasababu inambana anayempokea mwanafunzi pia.

Ila kuna upande unaouma. Wanafunzi wawili, mwaka uleule wa masomo, kampuni ileile, mmoja idara yake inatambua intanshipu kama somo na mwingine haitambui, basi wa pili CPT hapati hata awe hodari vipi. Na vyuo vingi vinataka ujiandikishe somo la intanshipu wakati wa likizo, na somo lina ada, kwahiyo kama kampuni hailipi unajikuta unatoa hela ili ukafanye kazi ya bure. Mwenye wazazi wenye uwezo atavumilia, mwenzake anaiacha nafasi hivihivi.

Halafu hili la bure limewaponza watu wengi sana. Mtu anasema silipwi, kibali cha nini? Uingereza mwanafunzi wa shahada ana saa 20 za kazi kwa wiki kipindi cha masomo, na kazi isiyo na malipo inahesabiwa humohumo. Ujerumani tangu 2024 wanafunzi wa nje ya Umoja wa Ulaya wana siku 140 nzima au 280 za nusu kwa mwaka, intanshipu ya kujitakia inakula hizo siku hata kama hulipwi, ile ambayo kozi inailazimisha haizigusi.

Kwangu mimi vikomo vya saa havina tatizo. Tatizo ni mzigo umemwangukia nani. Kosa likitokea, kampuni inatafuta mwanafunzi mwingine wiki ijayo, ila anayepoteza hadhi ya viza na kurudi kwao bila digrii ni huyu kijana aliyeitikia tu bosi alivyosema. Kila nchi ingembana mwajiri kama wanavyombana Ufaransa, masharti mengi yanayomkaba mwanafunzi yasingekuwa na kazi.

Kwa sasa, barua ikija usisaini kabla hujaipeleka ofisi ya wanafunzi wa kimataifa. Kampuni ikiombwa mapema isogeze mbele siku ya kuanza mara nyingi inakubali tu. CPT hairudishwi nyuma hata siku moja.