Acheni kulifunga sebene kwenye kompyuta

Siku hizi bendi ikipata hela kidogo, kitu cha kwanza inachotaka si gitaa wala tumba mpya. Inataka kompyuta mpakato ya kuwekea muziki na kuongozea taa. Sina ugomvi na hilo, mimi ni fundi mitambo na kompyuta inanilisha. Ninachogombana nacho ni namna tunavyoifunga. Wimbo unapangwa wote kuanzia sekunde ya kwanza hadi ya mwisho, kliki, ule mlio wa kushikia mwendo, inagonga sikioni mwa mpiga drams, taa zimeshaandikiwa zibadilike lini na zizime lini, na bendi nzima inageuka abiria.

Kwa msanii wa bongo fleva mwenye wachezaji waliofanya mazoezi hatua kwa hatua, mpango huo ni sawa kabisa. Wimbo wake una urefu uleule, awe Mbeya au Mombasa. Muziki wa dansi haukujengwa hivyo. Tangu enzi za bendi ya NUTA Jazz iliyoanzishwa 1964, ambayo leo ni Msondo Ngoma, na Mlimani Park iliyozaliwa 1978, wimbo una sehemu mbili: mashairi yanayoimbwa taratibu, halafu magitaa yanashika usukani. Wazee waliita chemko, sisi tunaita sebene. Mashairi unaweza kuyapimia saa. Sebene linaamuliwa na waliomo ukumbini.

Nenda ukumbi wowote wa dansi Dar es Salaam Jumamosi usiku, kaa karibu na jukwaa uangalie. Sebene limeingia, solo inarudia kipande kilekile, na mama mmoja wa meza za nyuma anainuka na noti zake. Hana haraka. Anakuja akicheza, anawapitia wenzake wamwone vizuri, ndipo anafika kwa mwimbaji na kuanza kumbandika noti mojamoja kwenye paji la uso. Rapa, yule anayechangamsha na kuita majina, alishamwona tangu alipoinuka, kamtaja jina, kataja na mtaa. Hapo hakuna kiongozi wa bendi mwenye akili timamu atakayekata muziki. Anazungusha kidole hewani, wenzake wanaelewa, kipande kinarudiwa mpaka noti ziishe. Sasa weka kompyuta iliyopangiwa dakika. Mama bado ana noti mkononi, taa zote pyuu, giza, kwa sababu kwa hesabu ya kompyuta wimbo umekwisha. Nimeliona hilo kwa macho yangu, na mama alirudi kitini na hela zake.

Hilo halina maana kwamba kompyuta itupwe. Ifungwe kwa namna ambayo mtu anaiamuru, nayo inangoja. Programu zenyewe zinaruhusu. Ableton Live, ambayo ipo tangu 2001, ina ukurasa ambapo kila kipande cha sauti kinajizungusha chenyewe mpaka uiambie ihamie kingine. Hakuna mstari wa muda unaokimbiza mtu. Kwa upande wa taa ipo QLC+, ni ya bure, inakubali Windows, Mac na Linux, na kazi yake ni ileile: unatengeneza mwonekano wa taa, unaupa kitufe, unakaa hivyo hadi ubonyeze kingine. Vyote viwili vinasikiliza MIDI, lugha ya tangu 1983 ya kuamrishana kati ya ala na kompyuta, ambayo pedali ya mguu ya bei ndogo tu inaizungumza. Mkanyago mmoja unaweza kuhamisha sauti na taa kwa pamoja.

Nashauri vitufe vinne, visizidi. Cha kwanza ni cha kuanza wimbo. Cha pili mashairi: taa zimetulia, rangi moja au mbili, mwimbaji aonekane sura. Cha tatu sebene: taa zinakimbizana, na hapohapo kliki inazimika, maana sebene zuri linapanda kasi lenyewe kadiri linavyokolea na ukilibana na kliki unaliua. Cha nne kufunga. Mnaweza kuongeza cha tano cha kugongea mwendo ili taa zikimbie sawa na drams, ila mwekeeni fundi, si mwanamuziki.

Nani akanyage? Wengi wanampa mpiga drams, na miguu yake yote miwili ina kazi. Mimi naiweka miguuni pa mpiga rithimu. Yeye ndiye anayemtazama kiongozi muda wote, na rapa akipiga ule ukelele wa kuita sebene, yeye anaujua kabla haujamalizika. Hakuna kompyuta inayoujua ukelele ule.

Kuhusu nyaya za taa niseme kidogo, kwa sababu ndipo watu wanapoaibikia. Taa zinaongozwa kwa DMX, mfumo uliotungwa Marekani 1986, wenye chaneli 512, yaani njia za amri kama rangi na mwangaza, kwa mstari mmoja. Ukiwa na taa nane za chaneli saba saba umetumia 56 tu: ya kwanza unaipa anwani 1, yaani namba ya chaneli inapoanzia, ya pili 8, ya tatu 15, unaendelea hivyo. Uandike anwani kwa kalamu kubwa mgongoni mwa kila taa, usitegemee kumbukumbu saa kumi na mbili jioni wakati mwenye ukumbi anauliza mnaanza saa ngapi. Kwa kuwa taa za bei ya kawaida zina tundu la pini tatu kama la maiki, watu wanachomeka waya wa maiki na zinawaka vizuri tu, mpaka mstari uwe mrefu. Ndipo taa ya mwisho inaanza kupepesa na kujigeuza rangi, na lawama anabebeshwa mwenye programu. Nunua waya wa DMX, na kwenye taa ya mwisho chomeka kizibo chenye rezista ya omu 120 kati ya pini ya pili na ya tatu. Kinatengenezwa kwa mkono, bei yake haifiki ya soda mbili ukiondoa plagi.

Kwenye sauti nina sharti moja tu: maiki zisipite ndani ya kompyuta. Sauti za waimbaji na magitaa zimalizane na miksa. Kompyuta iingie kwenye miksa kama mpiga ala mmoja zaidi, kwa USB, na chaneli zake chache: kliki inayokwenda kwenye hedifoni za mpiga drams peke yake, na sauti za kukoleza. Ikiganda katikati ya wimbo, bendi inaendelea na ukumbi hautajua. Hapo ndipo utaona pia kwamba wengi wanajitesa bila sababu na bafa, yaani kiasi cha sauti ambacho kompyuta inakusanya kabla ya kuitoa. Wanaishusha hadi sampuli 64 (vipande vidogo mno vya sauti), kompyuta inahema, spika zinatoa mikwaruzo. Kama kompyuta inapiga tu vitu vilivyorekodiwa, weka 512. Kwa sampuli 48,000 kwa sekunde, bafa hiyo ni kama milisekunde 11, sawa na mtu aliyesimama mita tatu na ushee kutoka kwenye spika. Ila kama kinanda kinatolewa sauti na kompyuta hiyohiyo, shusha hadi 128, maana mpiga kinanda ataanza kulalamika kuwa vidole vinatangulia.

Wifi iliyomo ndani ya miksa ndogo msiiamini. Saa kumi jioni mkijaribu mitambo inakubali vizuri, saa tano usiku simu zimejaa ukumbini na tableti inayoongoza miksa inapoteza mawasiliano. Ruta ya pembeni ya 5 GHz, au waya. Na zimeni WhatsApp kwenye kompyuta, jamani.

Umeme nao. Kompyuta ina betri yake, kwa hiyo umeme ukikatika yenyewe inabaki hai, lakini miksa inazimika na kuwaka upya huchukua muda ambao jukwaani ni mrefu kweli. UPS ndogo, yaani betri ya akiba, ya miksa na ruta inatosha. Spika na taa zitangoja jenereta. Chaja ya kompyuta ikileta mvumo kwenye spika, pitisheni sauti kwenye DI, kile kisanduku cha kuunganishia ala na miksa, yenye swichi ya kukata ethi upande wa sauti. Wale wanaong'oa pini ya ethi kwenye plagi ya ukutani wanacheza na roho ya mwimbaji aliyeshika maiki ya chuma.

Limebaki la tarumbeta. Kila bendi ikishapata kompyuta, haichukui muda mwenye ukumbi anauliza kwa nini jukwaani kuna watu kumi na wawili wakati saksafoni na tarumbeta zinaweza kutoka kwenye mashine. Namwelewa, analipa yeye. Lakini tarumbeta zilizorekodiwa haziwezi kumjibu rapa, wala haziwezi kurudia kipande kwa sababu kuna mama anakuja na noti. Na bendi inayoota kupanda jukwaa la Sauti za Busara, tamasha la Zanzibar ambalo tangu 2004 limejijengea jina kwa muziki wa live, itafika pale na wapulizaji gani? Kwenye kompyuta ninayoifunga mimi naweka kliki, sauti za kukoleza, milio ya kufungulia wimbo, na taa. Nikiambiwa nipakie tarumbeta, nakataa kazi. Wapo mafundi watakaokubali, na bei yao ni nafuu kuliko yangu.