Amaleki: amri ambayo marabi hawakuifuta

Kila mwaka, Sabato inayotangulia Purimu, sikukuu ya kuokolewa kutoka kwa Hamani anayehesabiwa kuwa mzao wa Amaleki, Wayahudi husomewa sinagogini aya tatu za Kumbukumbu la Torati 25:17-19. Wanaagizwa wakumbuke jinsi Amaleki, taifa adui la kale, alivyowatenda njiani walipotoka Misri, na hapohapo wanaagizwa wafute kumbukumbu lake chini ya mbingu. Katika 1 Samweli 15:3 agizo hilo linageuka kuwa la damu: nabii Samweli anamtuma Mfalme Sauli akaue mwanamume na mwanamke, mtoto na anyonyaye, ng'ombe na kondoo, ngamia na punda.

Wapo wanaozishika aya hizi kama ushahidi kwamba dini ya Kiyahudi inabariki maangamizi. Wapo wanaowajibu kwamba marabi, walimu wa sheria ya Kiyahudi, walishaifuta amri hiyo zamani, kwa hiyo hakuna la kujadili. Wote wanarahisisha mno. Amri haikufutwa, iliwekewa masharti, moja baada ya jingine, na wakati mwingine masharti hayo yalizua ubishi mkali ndani ya jumba la masomo lenyewe.

Kwanza, kosa la Amaleki ni lipi? Mataifa mengi yalipigana na Israeli bila kupewa hukumu hiyo. Wamisri waliwatumikisha Waisraeli na kutupa watoto wao mtoni, lakini Kumbukumbu 23:7 inakataza kumchukia Mmisri, kwa kuwa mlikuwa wageni katika nchi yake. Mwedomu naye asichukiwe, kwa kuwa ni ndugu. Kosa la Amaleki linatajwa wazi katika 25:18: aliwapiga wale wa nyuma, waliodhoofika, watu wakiwa wamechoka na kuzimia. Ukisoma 1 Samweli 30 utaona tabia hiyohiyo vizazi vingi baadaye. Daudi, akiwafuatilia Waamaleki walioteketeza Siklagi, anakuta shambani kijana Mmisri ambaye hajala mkate wala kunywa maji siku tatu. Bwana wake, Mwamaleki, alimwacha kwa sababu aliugua. Watu wa Daudi wanampa mkate, maji, kipande cha mkate wa tini na vishada viwili vya zabibu kavu kabla ya jambo lolote lingine. Funzo la kwanza la kimaadili liko hapo, na halihitaji kuua mtu: Amaleki hujulikana kwa namna anavyomtenda mtu asiyeweza kutembea tena.

Lakini mtoto anyonyaye wa Amaleki alimkosea nani? Swali hilo Talmudi, mkusanyo wa mijadala ya marabi wa kale, inaliuliza waziwazi, na inaliweka kinywani mwa Sauli (Yoma 22b). Sauli anajenga hoja: ikiwa Torati inadai ibada nzima ya kuvunja shingo ya ndama kwa ajili ya mtu mmoja aliyekutwa ameuawa kondeni, itakuwaje kwa roho nyingi hivi? Na ikiwa wakubwa walikosa, wadogo walikosa nini? Sauti kutoka mbinguni inamjibu kwa maneno ya Mhubiri 7:16, usiwe na haki kupita kiasi. Wengi huishia hapo na kusema kwamba Talmudi imemzima Sauli. Kifungu chenyewe kinaendelea. Sauli huyohuyo alipomwambia mtumishi wake Doegi awaue makuhani wa Nobu, sauti ilimwambia asiwe mwovu kupita kiasi. Sasa linganisha aya zenyewe. Katika 1 Samweli 22:19, baada ya makuhani 85 kuuawa, mji wa Nobu unapigwa kwa upanga: wanaume na wanawake, watoto na wanyonyao, ng'ombe, punda na kondoo. Ni orodha ya sura ya 15 karibu neno kwa neno, ila ngamia tu hawamo. Midrashi (ufafanuzi wa kale wa marabi) ya kitabu cha Mhubiri inatoa funzo kali kutoka hapo: anayemhurumia katili mwisho wake humfanyia ukatili mwenye huruma. Mimi naona orodha hiyo inasema jingine pia. Mfalme akishajifunza kuhesabu watoto wanyonyao kati ya walengwa wa vita, hesabu hiyo hairudi nyuma, na mara ya pili waliolengwa walikuwa makuhani wa Mungu wake mwenyewe.

Sasa masharti. Talmudi, katika Sanhedrini 20b, inapanga wajibu tatu kwa mfuatano: kwanza kuweka mfalme, kisha kumkatilia mbali Amaleki, kisha kujenga Hekalu. Kwa hiyo wajibu huo uko juu ya taifa lenye mfalme, na raia hana ruhusa ya kujiamulia. Maimonides, mwanazuoni mkuu wa sheria ya Kiyahudi wa karne ya 12, anaongeza sharti zito katika Sheria za Wafalme 6:1-4: hakuna vita, hata ya lazima, kabla ya kutoa wito wa amani. Adui akikubali amri saba za Nuhu (sheria za msingi ambazo marabi huzihesabu kuwa za wanadamu wote), kodi na utumishi, haruhusiwi kuuawa hata mtu mmoja, na Maimonides anawaingiza Waamaleki katika kanuni hiyo. Rashi, mfafanuzi wa Torati aliyemtangulia, aliuona wito wa amani wa Kumbukumbu 20:10 kuwa wa vita vya hiari tu. Kwa hiyo asiseme mtu kwamba msimamo wa Maimonides ni wa wote. Pia amani ya kulipa kodi na kutumika si usawa wa raia tunaoujua leo.

Sharti lenye nguvu kuliko yote linahusu utambulisho. Mishna, mkusanyo wa sheria ulio msingi wa Talmudi, inasimulia (Yadayimu 4:4) kwamba Yehuda, Mwamoni aliyeongoka, alisimama katika jumba la masomo akauliza kama anaweza kuingia katika jumuiya, ilhali Torati inamkataza Mwamoni. Rabani Gamalieli alimkatalia. Rabi Yehoshua alimkubalia: Senakeribu, mfalme wa Ashuru, alishayachanganya mataifa yote. Gamalieli akajibu kwamba Yeremia aliahidi wana wa Amoni watarudishwa, basi wamerudi. Yehoshua akasema Israeli nayo imeahidiwa kurudishwa, na bado haijarudi. Yehuda akaruhusiwa. Wanazuoni wa baadaye waliipeleka hoja hiyo hadi kwa Amaleki: kama haiwezekani kumtambua, amri haina wa kumwangukia.

Upande wa pili, hata hivyo, una hoja ya kweli. Maimonides anaposhughulikia mataifa saba ya Kanaani anasema kumbukumbu lao limekwisha kupotea. Anapofika kwa Amaleki, sentensi hiyo haipo. Katika karne ya 20 Rabi Joseph Soloveitchik alieleza, kwa jina la baba yake, kwamba taifa lolote linalokusudia kuwaangamiza Wayahudi linaingia katika hukumu ya Amaleki, akiwataja Wanazi. Ni rahisi kuelewa kwa nini Myahudi aliyeandika baada ya Maangamizi Makuu alisema hivyo. Alitofautisha vita ya taifa na kuua mtu mmojammoja, na tofauti hiyo ni muhimu. Lakini nasaba ikishaondolewa na nia kuwekwa mahali pake, sharti la Rabi Yehoshua linalegea, maana nia anaisoma yule anayeogopa.

Tarehe 25 Februari 1994, siku ya Purimu, Baruch Goldstein, mlowezi Myahudi, aliwaua Waislamu 29 waliokuwa wakisali katika Msikiti wa Ibrahimu, Hebroni. Kwa kipimo cha sheria hiyohiyo, hapakuwa na mfalme, wito wa amani, vita ya taifa wala nasaba. Wale waliokuwa wamesujudu ndio waliofanana na watu wa nyuma kule njiani. Tarehe 28 Oktoba 2023 Waziri Mkuu wa Israeli Benjamin Netanyahu alitaja amri ya kukumbuka alichotenda Amaleki. Afrika Kusini iliyanukuu maneno hayo katika shauri lake mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki tarehe 29 Desemba, ikiyaunganisha na 1 Samweli 15:3. Ofisi ya Netanyahu ilijibu kwamba alimaanisha Hamas, na kwamba maneno hayo yameandikwa pia kwenye kumbukumbu za wahanga wa Wanazi. Ni kweli kwamba "kumbuka" iko aya ya 17 na "futa" iko aya ya 19. Ila msikilizaji anayesomewa aya hizo kwa mkupuo kila mwaka hazitenganishi kirahisi, hasa akiwa amevaa sare.

Kwa hiyo sikubaliani na anayesema kutaja Amaleki ni tangazo la maangamizi moja kwa moja, wala na anayesema ni usemi tu wa maombolezo. Ninachowadai marabi wenye sauti katika jeshi na serikali ni kazi mahususi: jina hilo likitajwa vitani, wataje palepale masharti yake yote, na waseme hadharani lipi halijatimia.