Dhahabu ya Oxus: kununua si kupora, lakini…

Tajikistan ilipoanza kuidai Hazina ya Oxus, yaani vitu vya dhahabu na fedha vya Uajemi ya kale vilivyomo katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, London, mwaka 2007, kwa kauli ya Rais Emomali Rahmon, wengi waliona siasa tupu. Siasa imo. Ila dai lenyewe halijasikilizwa vizuri.

Upande wa London una hoja nzito. Dhahabu hiyo iliokotwa kati ya 1877 na 1880 kandokando ya Amu Darya, mto ambao Wagiriki waliuita Oxus, na wengi huihusisha na magofu ya ngome ya Takht-i Kuvad, katika Tajikistan ya leo. Wafanyabiashara walioibeba walivamiwa na majambazi baina ya Kabul na Peshawar, wakaokolewa na Kapteni Burton, afisa wa Kiingereza. Mali ikauzwa Rawalpindi, Augustus Franks, msimamizi wa mikusanyo katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, akainunua, na alipofariki mwaka 1897 akaliachia jumba hilo. Bila yeye, huenda yote ingeishia katika kalibu ya sonara. Tena hakuna mtaalamu aliyeshuhudia uchimbaji, na wachuuzi walichanganya vitu vya kughushi.

Sawa. Lakini tazama vile vibao vyembamba vya dhahabu, hamsini na kimoja. Vingi vina mtu amesimama, wengine wameshika fungu la vijiti vya ibada. Baadhi vimechorwa ovyo, kana kwamba mtoaji alijichorea mwenyewe kwa ncha ya msumari. Hizi ni nadhiri. Mtu aliomba, akajaliwa, akaja kulipa. Hiyo haikuwa akiba ya mfalme, wala shehena ya mfanyabiashara, ingawa siku zote neno “hazina” hutupeleka huko.

Na kilomita chache tu kutoka kwenye ngome ile, pale Takht-i Sangin, waakiolojia wa Kisovieti wakiongozwa na Boris Litvinsky na Igor Pichikyan walifukua hekalu lililojaa nadhiri kwa maelfu. Humo mlikuwa na madhabahu ndogo yenye maandishi ya Kigiriki: Atrosokes ameutimizia mto Oxus nadhiri yake. Wenye shaka husema hilo halithibitishi kuwa vibao vilitoka hapo. Kweli, haliwezi kuthibitisha. Ila aliyeufuta ushahidi huo ni soko lilelile tunaloambiwa liliihalalisha mali.

Sheria ya Uingereza ya 1963 inalibana jumba hilo lisitoe vitu vyake. Mwaka 2013 Tajikistan ikapewa nakala za baadhi ya vipande. Kwa hiyo Dushanbe, mji mkuu wa Tajikistan, ina nadhiri halisi ya Atrosokes, na za jirani zake Atrosokes ina mfano tu.