Nani wa kusema mgonjwa alihudumiwa salama?

Mwaka 1988, katika mkutano uliofanyika Christchurch, New Zealand, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa uuguzi, Mmaori, yaani wa jamii ya Wenyeji wa asili wa nchi hiyo, aliuliza swali. Tunafundishwa usalama wa kisheria, wa kimaadili na wa kitabibu. Usalama wa utamaduni wetu je? Irihapeti Ramsden, muuguzi na mwalimu wa Kimaori, alilibeba swali hilo hadi likawa somo linaloitwa usalama wa kitamaduni. Mwaka 1992 Baraza la Wauguzi la New Zealand lililiweka kuwa sharti katika mafunzo ya uuguzi.

Wengi hudhani somo hili ni la mila: salamu, miiko, namna ya kumstahi maiti. Sivyo. Ramsden alimhofia muuguzi aliyekariri orodha ya mila za Wamaori, kwa sababu huyo huitazama orodha badala ya kumtazama mgonjwa. Alitaka muuguzi ajichunguze kwanza: amekua akiambiwa nini juu ya watu hawa? Ana mamlaka gani juu ya mtu aliyelala mbele yake? Kisha akasema jambo zito zaidi, kwamba anayeamua kama huduma ilikuwa salama ni yule aliyehudumiwa. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Upinzani haukukawia. Mwaka 1993 mwanafunzi mmoja alidai ameondolewa chuoni kwa sababu ya somo hili, magazeti yakalivalia njuga, na mwaka 1995 suala likafika mbele ya kamati ya Bunge. Waliopinga walisema hii ni siasa iliyovishwa sare ya uuguzi, na inakula muda wa kujifunza tiba.

Kuna hoja yao moja ninayoiona ina nguvu. Mwalimu atapimaje dhamiri ya mwanafunzi? Ukimwambia atafeli asipoonyesha moyo uliobadilika, atajifunza kuigiza, na atafaulu vizuri sana. Baraza lenyewe lilirekebisha miongozo yake mwaka 1996.

Lakini hoja ya kwamba somo hili linaipokonya tiba muda hainiingii hata kidogo. Septemba 28, 2020, Joyce Echaquan, mama wa watoto saba wa jamii ya Waatikamekw, Wenyeji wa asili wa Quebec, alifariki katika hospitali ya Joliette, jimboni humo, nchini Kanada. Kabla ya kukata roho alirusha video mubashara kwenye Facebook, na wahudumu wakasikika wakimtukana. Walikuwa wamedhani ana arosto ya dawa za kulevya, kumbe mapafu yake yalikuwa yanajaa maji. Mwaka 2021 mchunguzi wa vifo alihitimisha kwamba ubaguzi wa rangi ulichangia kifo hicho. Dhana mbaya juu ya mtu iligeuka kuwa utambuzi mbaya wa ugonjwa. Hapo utamaduni na tiba utavitenganishaje?

Waatikamekw hawakusubiri. Mwaka uleule wa 2020 waliandika Kanuni ya Joyce, wakidai haki ya kutibiwa bila kubaguliwa na maarifa yao ya afya kuheshimiwa. Serikali ya Quebec iligoma kuipokea, kwa kuwa inataja ubaguzi uliomo ndani ya mfumo wenyewe. Baadaye ikatunga sheria yake ya usalama wa kitamaduni, iliyopitishwa mwaka 2024, na viongozi wa Waatikamekw wakalalamika kwamba haikutungwa pamoja nao. Neno lilichukuliwa, wenye neno wakaachwa nje.

Wapo wanaouliza, kwa nia njema, kiongozi gani awasemee Wenyeji wote. Ni kweli hakuna mmoja anayeweza. Tena wachache waliopo wanachoshwa: kila chuo kinawaita, kila hospitali inawataka wafungue semina kwa sala. Kwangu mimi hiyo ni sababu ya kuwapunguzia semina na kuwaongezea mamlaka. Ningeanzia kwenye malalamiko. Mgonjwa akisema ametukanwa wodini, barua yake isomwe na kamati ambayo Wenyeji wana kura ndani yake, na yale yaliyomo yarudi darasani kabla wauguzi wa mwaka unaofuata hawajavaa sare.