Twiga wa Bagamoyo

Pita kwenye vibanda vya wachoraji Mji Mkongwe, Bagamoyo, uhesabu twiga. Utachoka. Twiga wa machweo, twiga na Kilimanjaro, twiga waliopishanisha shingo. Hatua chache kutoka hapo kuna mikoko, madema na ngalawa zilizolala mchangani, na hivyo havipati wachoraji wengi. Ndiyo lawama inayosikika: msanii ameazima macho ya mtalii, bahari yake ameipa mgongo.

Lawama ina ukweli, ila ina haraka. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa vipande vya hadibodi na rangi ya baiskeli. Chui wake hakukusudiwa afanane na wa porini. Anakutazama kama jirani anayejua siri yako. Ni ndugu wa sungura na fisi wa hadithi za bibi. Mwenyewe alifariki 1972, mtindo wake, unaoitwa Tingatinga, ukabaki unalisha familia hadi leo. Nani atamwambia kijana anayedaiwa kodi ya kibanda achore kaa?

Isitoshe, anayedai minazi na miembe ndiyo asili halisi ya Bagamoyo anajidanganya. Mwembe ulivuka bahari kutoka Asia, na minazi ile imepandwa na watu. Nenda Tanga: mkonge, uliokuja kuwa sura ya mkoa mzima, una asili ya Meksiko, na aliyeuleta mwaka 1893 ni Mjerumani Richard Hindorf. Twiga naye si mgeni kihivyo. Hifadhi ya Saadani, kaskazini mwa mji, inao, na inagusa Bahari ya Hindi.

Kinachonikera mimi ni upweke wa twiga huyo. Pichani hamna mtu, kana kwamba pori halijawahi kukanyagwa. Kumbe Saadani kuna kijiji cha wavuvi, na mikoko yetu ina alama za panga: imekatwa boriti, kwingine imeondolewa kupisha mashamba ya chumvi.

Wachongaji hapa wamewazidi wachoraji. Mpingo hukomaa kwa miongo mingi, na anayeupiga tezo anajua anachokula. Wengine huacha ule weupe wa nje wa gogo ubavuni mwa kiini cheusi, bila kuupiga msasa. Unamwona twiga, na unauona mti alimotolewa.